Kambare wa Mafungu Matatu

Shangazi yangu hakuvuka darasa la saba, na hata hilo la saba alilimalizia chini ya turubai la wakimbizi huko Uganda. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba alitengeneza samaki wenye kromosomu za ziada hapa Juba, wakati wa vita, kwenye beseni la kufulia, huniuliza alisomea wapi. Hakusomea popote. Aliosha matangi.

Tulipokuwa ukimbizini alipata kibarua kwenye kituo cha kuzalisha samaki. Kazi yake ilikuwa kusugua utelezi wa kijani, kubeba maji na kunyamaza. Mhadhiri mmoja alikuwa akija pale na wanafunzi wake kufanya majaribio ya kambare, na kwa kuwa vijana wale waliogopa kushika samaki anayeteleza, shangazi ndiye aliyeitwa awashikie. Wao waliandika, yeye akashika, miaka minne mizima. Mwishowe mhadhiri akitoka nje kupokea simu, wanafunzi walimuuliza shangazi maswali yao, naye akawajibu huku akisugua tangi.

Nitaeleza kama alivyonieleza, maana mimi kichwa changu ni kizito kwa mambo hayo. Kila kambare ana mafungu mawili ya kromosomu, moja la mama na moja la baba. Lakini yai likitoka tumboni mwa jike linakuwa bado na fungu moja la zaidi, na likishakutana na mbegu ya dume hulitupa lile la zaidi nje. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu. Sasa ukilikamata yai kabla halijatupa, ukalitumbukiza kwenye maji ya barafu, linashtuka na kusahau lilichokuwa likifanya. Linabaki na mafungu matatu. Samaki anayetoka hapo ni kambare kamili, anakula, anagombana na wenzake, anakua, ila hazai. Tumbo lake halijai mayai. Chakula unachompa kinakwenda kwenye nyama.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Kwa sababu ya vita. Tulirudi nyumbani tukidhani tumemaliza kukimbia, shangazi akajenga matangi matatu ya saruji nyuma ya nyumba yetu Atlabara, akawa anauza vifaranga vya samaki kwa wenye mabwawa. Kisha risasi zikaanza tena. Barabara ya Nimule, ile ya kwenda Uganda, ikawa ya kupita kwa msafara wa ulinzi au usipite kabisa. Aliyekuwa na bwawa alilea kambare wake hadi wakafaa kuvuliwa, halafu asiweze kuwavua, maana soko limefungwa, au wanunuzi wamekimbia. Na kambare jike akikaa bwawani zaidi ya siku zake, mwili wote unageuka mayai, unavua kichwa kikubwa na tumbo. Shangazi aliliona hilo kwa mteja wake mmoja wa Nesitu, akarudi nyumbani amenuna siku nzima. Jioni akasema, "Juba inahitaji samaki anayejua kusubiri."

Mimi nilicheka. Nilikuwa naishi naye, nina meza yangu ya sabuni na chumvi kule Mangateen, na nilikuwa nimezoea mawazo yake. Lakini shangazi alikuwa hana dogo, akisema kitu ujue ameshakianza.

Tatizo lilikuwa baba yangu, ambaye ni kaka yake mkubwa. Yeye alikataa kurudi, akabaki Uganda, upande wa Adjumani, na mihogo yake na usomaji wa neno kanisani. Kila Juba ilipochafuka alipiga simu, na kila alipopiga shangazi alimwambia tuko sawa. Risasi zinalia, tumelala sakafuni, yeye anasema tuko sawa, kaka, tunapika. Siku moja baba alisikia mlio mwenyewe kwenye simu, akauliza ni nini hicho. Shangazi akajibu, "Mvua, kaka. Inapiga mabati." Ilikuwa mwezi wa kwanza, wakati ambapo hata mawingu hatuyaoni. Baba ni mkulima. Wiki mbili baadaye jirani yetu aliyekimbilia kwake akamweleza kwamba siku ile ya mvua risasi ilipita kwenye mabati ya jiko letu na kutoka upande wa pili.

Baba alikuja na msafara wa kwanza uliofunguliwa. Hakusalimia vizuri. Aliingia jikoni, akatafuta tundu, akatia kidole, kisha akatoka akatuambia tufunge mizigo.

Shangazi alimwambia hawezi kuondoka, ana kazi. Akaanza kumweleza habari za mafungu matatu. Nilimtazama baba usoni na nikajua kabisa kwamba kila neno linazidi kumchoma. Alimwacha amalize, halafu akasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, "Dada yangu, umenidanganya kuhusu mvua. Sasa unaniletea hadithi ya kitu ambacho hakionekani kwa macho, ili nishindwe kukubishia."

Hilo lilimuuma. Akasema kinaonekana, akasema damu ya samaki wa mafungu matatu ina chembe kubwa kuliko za samaki wa kawaida, na mwenye hadubini anaweza kuziona. Wakaelewana hapo hapo, wamesimama, bila hata kuketi. Atatoa kundi moja la vifaranga. Wakifikisha umri wa kutolewa damu, baba atarudi na lori. Wachukuliwe ishirini. Wote ishirini wakiwa na chembe kubwa, shangazi atabaki Juba na baba hatamgusa tena. Akikosekana hata mmoja, atapanda lori bila neno. Mimi nilitaka kusema jamani, mbona ishirini kwa ishirini, hata mhadhiri hapati hivyo. Lakini shangazi ndiye aliyetaja hiyo idadi. Kiburi chake hicho.

Basi tukaanza. Aliyetusaidia ni mpimaji wa maabara wa zahanati moja ya hapo Atlabara, mtu mzima aliyesomea malaria ukimbizini kama sisi, mpole, anayevaa koti jeupe hata akienda kununua mkate. Shangazi alipomwomba asome damu ya samaki alisema, "Mama, mimi iko soma damu ya watu miaka ishirini. Ya samaki sijawahi ona. Leta." Akatuazima na kipimajoto cha friji yake ya chanjo, kwa masharti kwamba tukikivunja tusirudi kwake hata na homa.

Siku ya kazi shangazi aliamka na koo limefunga. Vumbi la kiangazi, sauti imekwenda yote, anaongea kwa kunong'ona. Ingekuwa mimi ningeahirisha. Lakini jike alikuwa ameshadungwa sindano jana yake jioni, maji ya kitezi cha kichwani mwa kambare mwingine, na sindano ile haingoji mtu. Asubuhi tumbo lilikuwa laini, tayari.

Nataka niseme jinsi mikono yake ilivyofanya kazi, kwa sababu sijaona tena kitu kama kile. Alimfunika jike kichwa kwa kitambaa chenye maji, akamlaza pajani, akapitisha kidole gumba kutoka kifuani kushuka chini, taratibu, na mayai yakatoka yenyewe kwenye bakuli kavu, ya rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani, mengi kama uwele. Hakubana hata mara moja. Jike akarudishwa tangini akaogelea zake. Dume hakuwa na bahati hiyo, kambare dume hakamuliki, ilibidi achinjwe ili mbegu zake zitolewe. Shangazi alimwomba msamaha kwanza. Alikuwa akifanya hivyo kila mara, na kila mara nilikuwa namtania, na siku hiyo sikumtania.

Mbegu zikamwagwa juu ya mayai, zikakorogwa kwa unyoya wa kuku, maji yakatiwa. Kuanzia tone la kwanza la maji, hesabu inaanza. Dakika tatu, kisha barafuni dakika arobaini. Zile arobaini hazina shida, ukizidisha kidogo au ukipunguza kidogo mayai yanakusamehe. Zile tatu hazisamehe.

Na dakika tatu zetu hazikuwa za saa. Kule kituoni wanawake waosha matangi waligundua kwamba wimbo mmoja wa kanisani, wa lugha ya kwetu, beti nne, ukiuanza maji yanapotiwa unaisha dakika ya tatu barabara. Mikono imejaa utelezi, nani atashika saa? Mhadhiri mwenyewe aliwahi kuupima kwa saa yake ya kusimamisha akacheka, akawaacha waimbe. Shangazi aliuamini wimbo ule kuliko saa yoyote. Na Juba ya siku zile, kusema kweli, simu zetu zilishinda kwa mchajishaji zikingoja jenereta iwake.

Siku zote aliimba yeye. Safari hii aliniangalia, akanong'ona, "Anza wewe."

Nikaanza. Wanawake watatu wa Mangateen, wateja wangu wa sabuni, walikuwa wamekuja kutubebea mabonge ya barafu, nao waliujua wimbo, wakaitikia. Mmoja akapiga beseni tupu kwa viganja. Tuliimba vizuri, sikufichi. Miezi ile tulikuwa tumeimba kwenye mazishi tu, na sasa tunaimba uani, mchana, juu ya bakuli la mayai, tukicheka. Shangazi alikuwa ameinama na unyoya wake hainui macho. Nilipomaliza ubeti wa nne alimimina mayai kwenye fremu ya chandarua akayazamisha kwenye maji ya barafu, nami nikakaa na kipimajoto nikiongeza barafu kila kilipopanda juu ya nyuzi tano. Vidole vilikufa ganzi. Nilijiona mtaalamu.

Mayai yakaanguliwa. Si yote, baridi ile inaua mengi, lakini yalitosha. Wiki zile shangazi alilea vifaranga kama mtu aliyekopa mtoto. Kiini cha yai, wadudu wadogo wa majini aliowavuna kwenye dimbwi la samadi, kubadilisha maji kwa jerikeni, na kutenganisha wakubwa na wadogo kila siku, maana kambare ni mlafi, anakula ndugu yake bila aibu. Milio ilirudi mara mbili. Baba alipiga, na mara zote mbili nilimsikia shangazi akisema tuko sawa. Nilikasirika. Nikamuuliza, hivi hujifunzi? Akasema, "Nikimwambia ukweli atakuja kufia njiani." Niliendelea kukasirika.

Baba akaja siku aliyosema. Lori lilisimama mlangoni, dereva akapakia godoro la shangazi na sanduku lake kabla hatujaenda zahanati, kwa sababu msafara ulikuwa unaondoka mchana na hakuna aliyetaka kuachwa. Shangazi aliliona godoro lake juu ya lori. Akachukua ndoo yenye vifaranga ishirini na kopo lenye wale wa kawaida wa kulinganishia, akatangulia mbele.

Mpimaji alianza na wale wa kawaida ili macho yake yazoee. Alishtuka. "Chembe ya samaki iko na kiini katikati," alisema, "ya mtu hakuna." Alifurahi kama amepewa zawadi. Kisha akaanza ishirini, mmoja mmoja, tone la damu mkiani, kioo, rangi, hadubini. Tulikaa kwenye benchi la wagonjwa, mpimaji akitunong'oneza majibu, baba amekaa mbali mlangoni asikosikia. Wa kwanza, sawa na wa kawaida. Wa pili, sawa. Wa tatu, sawa. Nilianza kuhesabu vigae vya sakafu. Kwenye wa saba alisimamisha mkono, akarekebisha kioo, akanong'ona, "Hii iko kubwa. Iko refu pia." Mwishoni wakawa watatu. Watatu katika ishirini.

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe. Baba hakujua kusoma vioo vile. Mpimaji alikuwa upande wetu wazi wazi, nilimwona akimtazama shangazi akingoja ishara, na angepewa ishara angesema wote ishirini ni wakubwa na Mungu angemsamehe. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema wote wamepita, twende nyumbani.

Shangazi alisimama. "Nilisema wote," alimwambia baba kwa sauti yake iliyokwisha kupona. "Wametoka watatu. Wengine kumi na saba ni kambare wa kawaida tu. Nimeshindwa, kaka."

Baba aliinuka pale mlangoni, akaja. Akavua miwani yake iliyofungwa uzi, akaomba aonyeshwe. Akainama kwenye hadubini, akaonyeshwa damu ya kawaida, kisha ya mmoja wa wale watatu. Akarudia mara mbili. Alipoinuka alikuwa amekunja uso. "Hawa watatu," akauliza, "kwa nini wao na si wengine?"

"Baridi ilichelewa," shangazi akasema. "Sijui kwa nini. Wimbo ulikwisha, nikazamisha."

Baba akanigeukia mimi. "Nani aliimba?" Nikasema mimi. Akaniambia niimbe. Pale zahanatini, wagonjwa wanatutazama, mwanamke mmoja amembeba mtoto mwenye homa, nikaimba. Mpimaji akashika saa yake ya mkononi. Nilipofika mwisho wa ubeti wa kwanza nikarudia mstari wa mwisho mara mbili, kama tunavyorudia hapa kanisani kwetu Juba, na baba akafumba macho. Yeye na shangazi waliujua wimbo ule kama ulivyoimbwa kambini, ambako watu wanaimba harakaharaka kwa sababu jua linawachoma na chakula cha mgao kinangoja. Hawarudii chochote. Mimi nilirudi Juba nikajiunga na kwaya, nikajifunza kuvuta na kurudia, na sikujua kwamba nimebadilika. Mpimaji akasema dakika tano kasoro kidogo.

Nilitaka sakafu inimeze. Kumi na saba wale nimewaua mimi, yaani sijawaua, wako hai, lakini nimewarudisha kuwa wa kawaida, na nimempakia shangazi kwenye lori kwa mdomo wangu. Nikaanza kulia nikimwambia baba kwamba kosa si lake, ni langu, ampe nafasi nyingine. Shangazi akanikatiza. "Kazi ni yangu," akasema. "Wimbo nilimpa mimi na sikumsikiliza. Acha kulia, tunachelewesha watu." Akaifunika ndoo, akamshukuru mpimaji kwa mikono miwili, akatoka kwenda kwenye lori lililokuwa limetufuata na kutungoja nje.

Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika ile, na nilikuwa nimemkasirikia pia, kwa sababu alikuwa anapanda kweli. Ameshakanyaga tairi, ameshashika ubao. Dereva akamnyooshea mkono kumvuta.

"Shusha godoro," baba akasema.

Dereva hakuelewa. Baba akarudia. Shangazi, mguu mmoja juu ya tairi, akamwambia asimfanyie huruma, neno ni neno. Baba akasema si huruma. Alikuwa amekasirika. "Mimi nilikuja kukuchukua kwa sababu sauti yako kwenye simu haikuwa na maana tena. Ulikuwa ukisema uko sawa, nami sijui kama niko na dada au niko na maiti. Leo ungeweza kunidanganya mchana kweupe na nisingejua mpaka nakufa. Hukunidanganya." Akapangusa uso. "Fanya tena hao samaki wako, hesabu kwa saa. Lakini nikipiga simu, niambie kama ulivyoniambia pale ndani."

Alipanda yeye peke yake. Msafara ukaondoka.

Tulifanya tena, kwa saa ya mpimaji, na shangazi akashika unyoya kama kawaida yake. Wakasomwa ishirini, wakatoka ishirini. Mwenye bwawa wa Nesitu alikuja kuwachukua na mapipa mawili. Shangazi alipomaliza kuwahesabia alilala mchana kutwa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Halafu ikaja siku mbaya kuliko zote, asubuhi tu, watu wako sokoni. Safari hii si bunduki ndogo. Tulilala chini kati ya matangi mawili, saruji ikitukinga, nami nimekumbatia miguu yake. Simu ikalia. Nilijua ni baba, na nilijua atakachojibiwa, maana mdomo una mazoea yake. Shangazi aliishika simu bila kuipokea mpaka nikadhani itakatika. Akapokea.

"Kaka," alisema, "leo ni mbaya. Tuko chini, uani. Naogopa."

Nikafikiri mtandao umekufa. Kisha nikamsikia baba, sauti ndogo, anasema asante. "Basi usikate," akasema. Hakukata. Walikaa hivyo, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake, mpaka salio la baba likaisha.